Mara Moja Mbele ya Daktari

Kila ninapoanza kusimulia jambo hili watu hunikatiza, wakidhani kuna sehemu nimeiruka. Sijaruka kitu. Ndivyo lilivyokuwa, halina kichwa wala miguu, na mimi niliyekuwa katikati yake nililielewa kidogo kuliko watu wote. Lilitokea Likasi, mji wa migodi, katika kambi ya wafanyakazi ya Panda, mwaka ambao baba yangu alikuwa anakaribia kustaafu kazi ya Kampuni ya madini. Mimi, kifungua mimba wake, nilikuwa jitu zima lenye ndevu, lisilo na kazi.

Nyumba yetu ya matofali ilikuwa mali ya Kampuni. Unafanya kazi, unakaa. Unastaafu, unarudisha ufunguo. Mlango mmoja tu ndio ulioachwa wazi kwa watu kama sisi: kama mtoto wa kiume ameajiriwa, nyumba huandikwa kwake na wazee wake hubaki. Kila familia ya kambi ilijua hilo. Baba alikuja kutoka Kasai kwa treni akiwa kijana, na kijiji alichokiacha hakikuwa na mtu tena aliyemjua kwa sura. Mama alituzalia sote katika kambi ile. Tungefukuzwa pale, tungeenda wapi? Hakuna aliyelisema swali hilo kwa sauti, lakini lilikaa nasi mezani kila siku.

Nilikuwa nimeshajaribu mara moja, nikakataliwa. Daktari wa Kampuni wa wakati ule alinitazama nikiwa nimevua shati, akacheka kwa pua, akasema nirudi nikiwa na mwili. Nilikuwa mwembamba kweli, siwezi kumlaumu. Baba alipoambiwa hivyo hakunigombeza. Alinikamata mkono juu ya kiwiko, akaupima kwa vidole vyake, akauachia.

Kisha akaja mama mmoja tusiyemjua. Alikuja na shefu wa kambi, mtu wa Kampuni aliyegawa na kukagua nyumba zetu, siku ambayo baba alikuwa kazini. Walikuja kuiangalia nyumba, kwa sababu mume wake ndiye aliyekuwa kwenye foleni ya kuipata baada yetu. Aligonga ukuta wa jikoni kwa kifundo cha kidole, akachungulia bomba la moshi, akamwuliza mama kama moshi hurudi ndani wakati wa mvua. Mama alimjibu vizuri kabisa, kwamba moshi haurudi, akamtilia munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwenye kikombe cha wageni. Walipoondoka, mama akachukua ufagio akafagia uwanja ambao alikuwa ameshaufagia asubuhi. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama.

Jioni ile baba alianza kunijenga. Neno ni lake. Yeye alikuwa mpakiaji pale kiwandani; maisha yake yote alikuwa amebeba kitu kutoka hapa kukipeleka pale, na kwa maoni yake nguvu haikuwa na siri yoyote.

"Nguvu iko mu kurudilia," aliniambia. "Unabeba, unatula, unabeba tena. Mutu ya kubeba mingi, njo mutu ya nguvu. Hakuna kintu ingine."

Basi nikarudia. Kabla ya king'ora cha asubuhi nilibeba debe la maji kutoka bombani mpaka nyumbani, nikalimwaga, nikarudi kulijaza. Ndiyo, nililimwaga. Majirani waliamka wakaniona namwagilia ua usio na mmea hata mmoja. Nilibeba mawe kutoka ncha moja ya ua kwenda nyingine, na yalipokwisha nikayarudisha. Jumamosi, siku ya salongo, serikali ilipotutoa sote kusafisha mitaro kwa faida ya taifa, baba aliniamuru nifanye na sehemu ya jirani wa kulia, kisha ya jirani wa kushoto. Kijana wa chama aliyekuwa anasimamia alinipongeza mbele ya watu kwa uzalendo wangu. Mimi nilikuwa natafuta mabega.

Na nilikula. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko mawe. Mama alinitilia bukari, ugali wangu peke yangu, mkubwa, na sombe, majani ya muhogo, yenye samaki wa mto Lufira, na dada zangu wakagawana kilichobaki. Hawakulalamika. Walinitazama tu ninavyotafuna, nami nikawa natafuna haraka ili nimalize. Mwili nao ukakaa vilevile. Kilichoongezeka ni maumivu ya mgongo, na usiku nililala kwa ubavu mmoja tu.

Jirani mmoja aliyeniona nikipanda ngazi ya kanisani huku nimejishika kiuno ndiye aliyenitajia kinyozi. Nyuma ya soko la Panda, alisema, kuna kinyozi mwenye chuma. Nikaenda. Kweli, kwenye uwanja mdogo nyuma ya kibanda chake kulikuwa na ekseli ya behewa dogo la kubebea mawe, na kila ncha amechomekea gurudumu la meno kutoka mashine gani sijui. Mwenyewe alikuwa mnene wa kifua, mwembamba wa miguu, na alijisifu kuwa alikuwa bingwa wa kunyanyua vyuma alipokuwa jeshini. Medali zake zilikuwa wapi? Zimebaki Kinshasa. Kila kitu chake kizuri kilikuwa kimebaki Kinshasa.

Alinikubali bila masharti, ila nifagie nywele. Siku ya kwanza aliniacha na chuma, akarudi kwa mteja wake. Nami nikakivamia kama nilivyofundishwa nyumbani: juu, chini, kishindo, juu tena, chini, kishindo. Vumbi likatimka. Nikasikia raha, nikijua kwamba hata barabarani wananisikia. Kinyozi akatokea mlangoni na wembe mkononi, na nyuma yake mteja mwenye povu upande mmoja wa uso.

"Unafanya nini?"

"Niko nabeba, yaya," nilimjibu, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

"Hapana. Weye uko natupa."

"Nimebeba mara mingi!"

"Minye sikuone hata moya," alisema, akarudi ndani.

Alipomaliza na mteja alikuja akayatoa yale magurudumu ya meno, akaniachia ekseli tupu. Ekseli tupu! Dada yangu mdogo angeweza kuinyanyua. Akanisimamisha. Akanipanga miguu kwa kuisukuma na kiatu chake. Akanigonga mgongoni kwa kitana, hapa, hapa, mpaka uwe mstari mmoja. Akataka chuma kipite karibu na miguu yangu, kisiende mbali, kisitikisike. Nikifika juu nisimame nipumue. Kisha nishuke polepole kama nilivyopanda, na hapo ndipo alipokuwa mkali zaidi, kwa sababu mimi, kama kila mtu niliyemfahamu, nilihesabu kwamba kitu kikishafika juu kazi imekwisha.

"Kutelemusha njo nusu ya kazi," alisema. "Ukiachilia, umefanya nusu. Unataka balipe nusu?"

Nilijaribu, akatikisa kichwa. Nilijaribu tena, akatikisa kichwa. Ilipita muda mrefu, wateja wawili wakaja wakanyolewa wakaenda, ndipo mara moja nikainuka na kushuka bila yeye kutikisa kichwa.

"Ile njo moya," akasema. "Sasa ende kwenu."

Nilisimama pale nikimtazama. Nilikuwa nimetembea kutoka kambini. Sikuwa nimetoka jasho. Nilimwuliza kama amenikasirikia, akasema hapana, akanipa ufagio.

Siku zikaenda hivyo. Nilikwenda mchana, nikafanya chache mno, nikafukuzwa. Siku nyingine aliniachia zaidi, siku nyingine alinisimamisha kwa ya kwanza kabisa na kuniambia kwamba leo sina kitu, nikapumzike. Nilimwuliza mara nyingi kwa nini. Ukimwuliza kinyozi yule jambo, alikuwa anakujibu jambo jingine: goti lake, wanawake wa Kalemie, wembe wa siku hizi usiokata. Mara moja tu ndipo aliponijibu.

"Juu leo uko na moya tu ya muzuri mu mwili yako. Kesho pengine utakuwa na mbili. Ile ingine yote ni makelele."

Makelele! Nilirudi nyumbani na neno hilo likinichoma. Baba yangu alikuwa amejenga maisha yake kwa makelele hayo, na sisi tumeyala, tumeyavaa, tumesoma kwayo. Nani huyu mwenye medali za Kinshasa?

Lakini asubuhi bado nilikuwa wa baba. Nilibeba debe, nikamwaga, nikabeba mawe, halafu mchana nikaenda kwa kinyozi nikiwa natetemeka mapaja. Aliliona haraka. Akaniuliza asubuhi huwa nafanya nini, nikamwambia. Hakucheka.

"Mutu anachoka kwanza, njo anakuya kwangu nimufundishe? Nimufundishe nani? Mwenyewe amebakia kule." Akanionyesha mkono upande wa kambi. "Chagula. Baba yako ao minye."

Hapo ndipo kichwa kilipochanganyikiwa kabisa. Nilimpenda baba, nilimheshimu, na aliyoyasema niliyaelewa. Hata mtoto mchanga angeyaelewa. Ya kinyozi sikuyaelewa. Ila nilipoacha mawe kwa siku chache, kwa kisingizio cha homa, mgongo uliacha kuniuma. Sina sababu nyingine. Watu hudhani niliona mwanga. Sikuona mwanga wowote, nilichoka kulala ubavu mmoja.

Nikamwambia baba ukweli, siku ya Jumapili baada ya misa, kwa kuwa sikutaka kumdanganya zaidi. Kwanza alicheka. Alimwita mama aje asikie.

"Moya? Mutu ya Kampuni anabeba moya?" Akajifuta macho. "Minye nikibeba moya, shefu atanifukuza mbele hata chai haiyapoa."

"Njo vile anasema, baba. Moya, lakini ya kweli."

"Na zangu zilikuwa za bongo, za uongo?"

Aliacha kucheka, na kuanzia pale hakuuliza tena habari za mazoezi. Asubuhi aliamka, akalipita debe, akaenda kazini. Nilijua anachowaza, maana nami nilikuwa nawaza hilohilo: kwamba nimepata uvivu na kuupa jina zuri, na kwamba nyumba itaondoka kwa sababu yangu. Mama aliendelea kunipakulia, lakini alinipakulia akitazama pembeni.

Kwa kinyozi, magurudumu ya meno yalirudi kwenye ekseli. Kisha akaongeza mengine, sijui aliyatoa wapi. Siku moja niliinama, nikashika, nikasimama, na chuma kikapanda pamoja nami bila ugomvi wowote, nikabaki juu nikiwa nimeduwaa, nikidhani pengine amepunguza kitu bila kuniambia. Nilikishusha polepole. Kinyozi alikuwa akimnyoa mtu masharubu na hata hakunitazama vizuri. Alisema tu, "Ende kwenu." Nilijitazama mikono njiani: ilikuwa mikono ileile. Nilikuwa nimetegemea kwamba nguvu zikija zitaonekana.

Siku ya kuitwa tena kupimwa ikafika, baba akiwa amebakiwa na siku chache kazini. Uwanja wa zahanati ya Kampuni ulijaa vijana, wengine mabega yao yakijaza mlango. Daktari safari hii alikuwa mwingine, kijana, mtu wetu, koti jeupe juu ya abakosi, ile suti isiyo na tai ya wakati ule, Kifaransa kingi na Kiswahili kidogo. Pembeni yake alikaa msimamizi wa kazi mwenye kofia ya chuma. Mbele yao kulikuwa na sanduku la mbao lenye vishikio viwili, limejazwa mawe ya madini. Ulitakiwa ulitoe chini, uliweke mezani, ulirudishe chini. Hawakusema mara ngapi.

Na kwa kuwa hawakusema, kila mmoja akafanya alivyofundishwa kwao. Yaani kama nilivyofundishwa kwetu. Wa kwanza alilirusha mezani, akalivuta, likaanguka, akalirusha tena. Msimamizi alikuwa anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Hakuna aliyemsimamisha. Aliendelea mpaka mwenyewe akashindwa, akaondoka amejishika kiuno huku wenzake wakimpigia makofi. Wa pili akataka kumpita wa kwanza. Wa tatu akataka kuwapita wote wawili. Meza ikawa inaruka. Daktari alikuwa anazungukazunguka nyuma yao, mikono mfukoni, akiwatazama migongo. Mimi nilikuwa bado kwenye mstari. Nilijua siwezi kurudia kama wale, maana kwa miezi mingi hakuna aliyenifanya nirudie. Nilimlaani kinyozi kimoyomoyo kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Zamu yangu ikafika. Nilitaka kurusha. Haki ya Mungu nilitaka kurusha kama wenzangu! Lakini miguu ilijipanga yenyewe, na mgongo ukanyooka wenyewe, na sanduku likaja karibu na miguu yangu kama chuma kilivyozoeshwa. Nikaliweka mezani. Halikutoa sauti. Nikapumua. Nikalirudisha chini, polepole, mpaka likagusa ardhi, na hapo nako halikutoa sauti. Nikajiandaa kwa ya pili.

Daktari akainua mkono.

"Ça suffit, citoyen. Inatosha, mwananchi. Vaa shati."

Nilimtazama msimamizi. Naye alikuwa anamtazama daktari, ameshangaa kama mimi. Nikauliza kama naweza kuonyesha tena. Daktari akasema hapana, akamwita aliyefuata, na aliyefuata akaanza kurusha sanduku na kuliangusha, na wakamwacha aendelee, na aendelee.

Nilitoka pale nikijua nimekwisha. Wote waliachwa waonyeshe walichonacho. Mimi peke yangu nimezuiwa. Barabara ya kurudi kambini sikumbuki nilivyoipita. Nilipofika, baba alikuwa amerudi kutoka zamu yake ya asubuhi, amekaa kwenye kiti chake bado na viatu vya kazi.

"Ulibeba mara ngapi?"

"Moya."

"Ulishindwa?"

"Hapana, baba. Munganga alisema inatosha."

Baba akafumba macho. Ndipo alipotusimulia jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Siku alipoandikishwa, kijana, kule Kasai, watu wa Kampuni waliwapanga na kuwabebesha gunia la chumvi kuzunguka ghala. Walizunguka tu. Ukiambiwa tua, ulikuwa umekataliwa. Uliletewa shati lako ukarudi kwa mama yako. Kaka yake, mkubwa kwake, aliambiwa tua kwenye mzunguko wa kwanza. Baba hakuambiwa. Alizunguka mpaka jioni, na asubuhi akapanda treni, na hakumwona kaka yake tena.

"Batu ya kazi habakwambie inatosha," alisema. "Banakwambia ile kama hawakutake."

Mama aliingia jikoni, akatoa sanduku letu la mbao lililowahi kubeba sabuni, akaanza kupanga sufuria ndani yake, kubwa chini, ndogo juu. Dada yangu mkubwa akaanza kulia, mama akamwambia alete matambara ya kufungia vikombe.

Mimi nilikwenda kwa kinyozi kugombana. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba ameniharibia maisha, yeye na moja yake, kwamba wazazi wangu wanafungasha vyombo. Alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akaniuliza kitu kimoja tu.

"Mugongo ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa! Ilikuwa sawa sana, na itanisaidia nini?"

Akakuna shavu kwa mpini wa wembe. Niliona kwamba naye hakuwa na uhakika, na jambo hilo lilinitia hofu kuliko yote. "Kama balikukatala," alisema hatimaye, akinionyesha kiti, "ikala, nikukate nywele. Bure." Nikatoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tumetoka misani tuliposikia hodi. Alikuwa shefu wa kambi, abakosi yake imenyooka, miwani ya jua usoni. Sisi tulikuwa bado na nguo za kanisani. Mama alimtangulia. Hakumpa hata nafasi ya kusalimu. Alitoa ufunguo kwenye kitambaa alichokuwa amekifunga kiunoni, akamshikisha mkononi kwa mikono yake yote miwili, kwa heshima, kama mtu anayetoa sadaka.

"Tumeosha jikoni," alisema. "Na moshi hairudiake. Umwambie ule mama."

Shefu aliutazama ufunguo. Akavua miwani. Alionekana mpumbavu kidogo, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mtu kama sisi.

"Mama, juu ya nini unanipa?" aliuliza. "Minye nilikuya kusema mukae. Mutoto anaanza kazi kesho. Ule mama, tutamutafutia fasi ingine." Akanigeukia. "Daktari anasema eko na mugongo ya kufika pensheni. Ye peke yake tu, mu bale bote ya siku ile. Basi, usichelewe."

Aliuweka ufunguo mezani akaenda zake. Kwa nini mimi? Baadaye nilikisia kwamba daktari yule alichoka kutibu viuno na alikuwa anatafuta mtu asiyemletea kiuno kingine. Lakini hakuna aliyenieleza, ni makisio yangu tu. Saa ile hakuna aliyekisia chochote. Mama alipiga vigelegele, dada zangu wakanirukia shingoni, majirani wakachungulia juu ya ua. Nilifurahi, bila shaka nilifurahi, lakini nilimtafuta baba kwa macho na sikumwona akifurahi. Alikuwa amesimama karibu na sanduku la sufuria.

"Moya tu," alisema.

"Moya tu, baba."

"Hawakukwambia urudilie."

"Hapana."

"Nionyeshe."

Sikuwa na cha kumwonyeshea ila sanduku lile. Nikavua koti, nikapanga miguu, nikalinyanyua na sufuria zake zote, nikaliweka mezani, nikapumua, nikalirudisha chini. Hakuna kifuniko kilicholia. Nilimtazama nikitegemea aseme tena, maana hilo ndilo neno nililolizoea kutoka kwake. Hakulisema.

"Sasa minye," alisema.

Mama akamwita kwa sauti kali, akamkumbusha kiuno chake. Hakusikia. Alivua koti lake la kanisani, akanipa nishike. Akasogeza miguu kama yangu. Akashuka taratibu, uso umekaza, akalishika sanduku, akainuka nalo. Mgongo wake haukunyooka kama wangu, haungeweza tena, lakini lilipanda karibu na mwili wake, likafika mezani bila kelele. Akapumua. Akalishusha. Lilipogusa sakafu aliliachia na kusimama wima, mikono imening'inia, akitutazama mmoja baada ya mwingine. Sikuelewa anasubiri nini. Nadhani hata mama hakuelewa. Tulisimama tu, sote, midomo wazi, na hakuna aliyesema kitu.

Basi akainama kulibeba tena.

"Inatosha, baba," nikasema.

Sikuwa nimewahi kumwamuru baba yangu kabla ya siku ile, na yeye hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo tangu aanze kazi. Alibaki ameinama, mikono imelishika sanduku, muda mrefu kiasi kwamba nilidhani kiuno kimemkamata. Halafu akageuka, akakaa juu ya sanduku la sufuria na suruali yake ya kanisani, akalia.